Vitambaa Tisa vya Nta

Kabla hamjapata mifuko ya nailoni, watu wa Mbeya walifungia chakula chao katika vitambaa vyangu. Nasema vyangu kwa sababu ni mimi niliyevianza, na anayebisha aje nimwonyeshe sufuria, ninayo mpaka leo. Sikusoma. Niliacha shule darasa la pili, na hilo la pili lenyewe sikulimaliza. Lakini nimejenga nyumba mbili za bati, nina vyerehani vitatu, na waliosoma wamekuja kibarazani kwangu kuniomba niwafundishe watoto wao kazi. Hilo naliandika mwanzo ili msomaji ajue anazungumza na nani. Yatakayofuata si ya kujisifu.

Ushonaji nilijifunza Iringa, kwa fundi mmoja mzee aliyekuwa na maneno machache na rula ndefu ya mbao. Uzi wa kushonea turubai hauendi bila nta. Unaupitisha juu ya donge mara mbili, mara tatu, ndipo unakuwa mkakamavu na kuteleza vizuri. Siku moja niliweka pasi ya mkaa juu ya kipande cha kanga kuukuu nisione kwamba donge la nta lilikuwa chini yake. Nta ikayeyuka, kitambaa kikainywa yote. Fundi akanichapa rula za mgongo. Kile kitambaa akanitupia, na mimi nikafungia ndani yake nusu mkate niliokuwa nao, nikaupeleka nyumbani kwa mama, tukausahau.

Anayeijua Iringa anaujua upepo wake wa Juni. Mkate ukiuacha wazi asubuhi, jioni unaweza kuutumia kupigilia misumari. Siku ya pili mama alifungua kile kitambaa, akaubonyeza mkate kwa kidole. Ulikuwa laini.

"Nani kakifanya hivi?" aliniuliza.

"Nilikosea, mama. Nimechapwa."

"Hukukosea. Hii ni riziki, imekuja na fimbo yake."

Mama alikuwa mtu wa pwani, kaletwa bara na baba yangu enzi za Mjerumani akiwa msichana. Baba alipofariki alinilea kwa kukaanga maandazi. Alichotupa ni maji machafu tu, kitu kingine hakukitupa. Ni yeye aliyeniambia nta peke yake inavunjika-vunjika kama ngozi ya kisigino, itafutiwe kitu cha kuilainisha. Ni yeye pia aliyesema tujaribu utomvu wa misonobari iliyopandwa kando ya nyumba za Wazungu. Kwa hiyo niliposema ni mimi niliyevianza, nilisema kama ninavyowaambia wateja. Tulivianza wawili.

Tulipohamia Mbeya nikawa na kibaraza changu mwenyewe, na kapu kubwa la viraka pembeni. Kila kilichobaki kwenye kushona kiliingia kapuni: kanga, khaki, mabaki ya majora niliyonunua kwa Wahindi. Nta nilinunua Mbalizi, siku ya soko, kwa mkulima mmoja Msafwa aliyetundika mizinga porini na ambaye asali yake nyingi iliishia kwenye pombe. Mama alipojua hilo alikunja uso.

"Unanipikia jikoni machicha ya pombe?"

"Nta haikunywa, mama. Asali ndiyo iliyokunywa."

"Na wewe ulikunywa?"

"Mimi nilinunua nta tu."

"Haya, iweke sufuria yake mbali na yangu. Isije ikaimba."

Kazi yenyewe si ngumu kwa anayeijua. Nta huiweki juu ya moto uchi, itashika moto ikuunguzie nyumba. Unaiweka katika sufuria ndogo, ile ndogo unaiketisha katika kubwa yenye maji yanayochemka. Ikiyeyuka unaichuja kwa kitambaa, maana ina miguu ya nyuki ndani. Unatia utomvu kiasi cha kidole gumba, na mafuta ya karanga matone tu. Kitambaa unakitandika juu ya bati lenye joto, unapaka kwa brashi ya katani kutoka katikati kwenda pembeni, unakiinua kwa ncha mbili na kukipunga. Kwa baridi ya Mbeya, hujamaliza kusema bismillahi kimeshakauka. Kikichafuka kioshe kwa maji baridi. Maji ya moto ni adui yake, na nyama mbichi usiifungie humo. Hayo niliwaambia wateja wote. Madereva wa malori ya Iringa walivipenda, matingo wao walivipenda, na mabibi wa mtaani walisema nimewapunguzia kazi.

Sasa nije kwenye bafta.

Tulipokuwa bado Iringa, jirani yetu mmoja alijaliwa kwenda Hija, akarudi na maji ya Zamzam. Mama alinunua bafta nyeupe, jora zuri, akainyunyizia maji yale, akaikausha kivulini, akaikunja na kafuri ndani yake. Ilikuwa sanda yake. Wazee wengi wa kwetu hufanya hivyo, ili siku ikifika wasimsumbue mtu. Alikuwa akiitoa mara moja kwa mwaka, kabla ya Ramadhani, akaipunga upepo uani na kuirudisha sandukuni. Mimi sikuwahi kuigusa. Nilikuwa nikiona kitu cheupe kwenye kamba, napita upande wa pili. Nilikuwa mtu wa kujenga, sikutaka habari ya kifo cha mama.

Mwaka ninaouzungumzia mke wangu alikuwa mjamzito. Mimba mbili zilikuwa zimeharibika kabla ya hiyo, ya pili ikiwa imeshatimia miezi sita. Akawa anaogopa kila kitu, bundi, mlango kujibamiza, jina la mtu aliyekufa. Siku moja akaniambia chumbani, "Mama anisamehe, lakini siwezi kulala nyumba moja na sanda. Naiota."

Sikujua nitamwambiaje mama. Haikuhitajika. Nyumba zetu zile kuta zake zilikuwa za kusikilizana. Asubuhi mama alimwita mke wangu, akampa uji, akasema, "Mwanangu, usiote tena. Leo naitoa."

Mchana alikuja kibarazani ameshika furushi. Siku ile nilikuwa na hadhira. Madereva watatu walikuwa wamekaa kwenye benchi la wateja, nami nilikuwa nikiwaeleza jinsi ninavyoweza kushona suruali huku nimefumba macho. Mama akapita nyuma yangu, akainama kwenye kapu la viraka, akashughulika huko kwa muda.

"Mwanangu," alisema, "ile bafta nimeiweka chini kabisa ya kapu. Nimeizungushia gunia, panya wasiione. Ikae hapo mpaka mwenzio ajifungue. Umesikia?"

"Ndiyo, mama, ndiyo."

"Nimesema nini?"

"Umesema kapu."

Madereva walicheka. Mmoja akasema, "Bibi, huyu masikio yake ameyashonea mfukoni!" Mama naye akacheka, akanipiga kofi dogo la bega, akaondoka. Nikarudi kwenye suruali yangu ya macho yaliyofumbwa.

Wiki mbili baadaye akaja mpishi wa Mzungu mmoja wa machimboni, huko Makongolosi. Dhahabu ilikuwa imeshaanza kuwa ya kutafuta kwa tochi, lakini Wazungu wachache walikuwa bado wanachimba na kula vizuri. Mpishi huyu alikuwa Mkristo wa milimani, mpole, mwenye dharau kidogo ya watu wa jikoni kubwa. Alipekua vitambaa vyangu kimoja kimoja.

"Fundi, hiki kina maua. Hiki kina kuku. Hiki kimeandikwa methali. Bwana mkubwa hataki mkate wake uvae kanga."

"Anataka nini?"

"Vyeupe. Arobaini. Lori linarudi keshokutwa."

"Arobaini! Unajua unazungumza na nani?"

"Ndiyo maana nimekuja," akasema. Basi, alijua pa kunikuna.

Nilimwaga kapu lote sakafuni. Vyeupe vilikuwa saba, na vya kuunga-unga. Chini kabisa nikakuta furushi la gunia. Nikalifungua, nikaona bafta safi, haijaguswa na mkasi. Harufu ya kafuri ilinipiga puani na mimi nikasema moyoni, Wahindi bwana, hata mabaki yao wanayatilia dawa ya nondo. Nilidhani ni jora nililolinunua nikalisahau. Nilijisifu hata kwa kusahau, nikasema, mtu mwenye mali nyingi ndiye anayesahau.

Nikakata. Vipande arobaini, vyote sawa, huwezi kukitofautisha hiki na kile. Nilipika nta siku mbili mfululizo. Sijawahi kufanya kazi safi kama ile, naapa, na huo ndio ubaya wake. Nyeupe ile ilipokunywa nta ikawa rangi ya maziwa yenye samli. Mpishi alipovipokea aliitikia kwa kichwa tu, na kwa mtu kama yeye hiyo ilikuwa hotuba.

Mke wangu alijifungua salama, mtoto wa kike, mwenye sauti. Nyumba ilijaa watu. Siku ya arobaini mtoto alitolewa nje, akapakwa mafuta, na mama akaja kibarazani akiwa amevaa kanga yake mpya, amefurahi.

"Haya, tumeshapita salama. Nipe kitu changu."

"Kitu gani?"

"Bafta yangu. Iko chini ya kapu."

Mikono yangu ilikuwa kwenye cherehani. Nakumbuka nilimaliza kwanza ule mstari niliokuwa nashona, mpaka mwisho, nikakata uzi. Kisha nikamtazama, naye akaona.

"Umeikata?"

"Mama..."

"Nakuuliza, umeikata?"

"Nimeikata."

"Yote?"

"Yote."

"Umeitia nta?"

Mama aliketi kwenye benchi la wateja. Akashika ncha ya kanga yake akawa anaikunja na kuikunjua. Akasema taratibu, "Ilikuwa na maji ya Zamzam."

"Nitakununulia nyingine, mama. Nitakununulia jora zima."

"Najua utaninunulia. Kununua unaweza." Akainuka. "Nenda kavitafute kwanza. Kama kipo hata kimoja ambacho hakikuharibika, kilete."

Nilidandia lori la asubuhi. Barabara ile inapanda mlima mpaka kwenye ukungu, kisha inakuteremsha Chunya, unavua koti, na Makongolosi unavua na shati. Mpishi nilimkuta jikoni kwake, akifikiri nimekuja kuuza vingine.

"Fundi! Vitambaa vyako huku vinanata. Joto linavilainisha, mkate ukiutoa unatoka na nguo yake."

Nilimwambia. Sikuzunguka. Alikaa chini juu ya debe.

"Sanda?"

"Ya mama yangu."

"Mungu wangu. Fundi, kwetu pia maiti ana heshima yake. Ningejua, nisingeshika." Kisha akakumbuka kitu, na uso wake ukabadilika. Akafungua kabati la waya. Nilivitambua vitambaa vyangu kutoka mlangoni. Vilikuwa vimefunga mkate, vimefunga jibini, na rafu ya chini vimefunga mapande ya nguruwe, yaliyokaushwa kwa moshi, yanachuruzika mafuta.

"Bwana anakula kila asubuhi," alisema mpishi, kama anayeomba radhi kwa niaba ya mwingine.

Tulivitoa vyote mezani. Vilikuwa vimebaki thelathini na kitu, vingine vilishachanika vikawa vya kufutia masufuria. Tukaanza kunusa, mimi na yeye, watu wazima wawili, tumeinama mezani kama mbwa.

"Hiki?"

"Moshi."

"Hiki je?"

"Moshi pia. Weka kule."

"Hiki hakina kitu. Kinuse."

Mwisho vikabaki tisa. Mpishi alivipanga, akavipapasa kwa kiganja. "Hivi vilikuwa vya mkate," alisema. "Nadhani."

Hilo "nadhani" nililiacha hukohuko Makongolosi.

Nyumbani nilivichemsha. Nta ilielea juu ya maji, nikaiengua, nikavichemsha tena, nikavipiga pasi katikati ya magazeti mpaka magazeti yakawa yanaonyesha upande wa pili kama kioo. Haikutoka yote. Nta ikishaingia kwenye pamba imeingia. Vilibaki na rangi ya jino la mzee na harufu ya asali kwa mbali. Nikaviunga vyote tisa kwa cherehani, kitambaa kimoja, mshono wa kukunja mara mbili. Nikampelekea mama uani alikokuwa anachambua mchele.

Alikipokea kwa mikono miwili. Alikigeuza, akakitazama mbele na nyuma.

"Hivi vilikuwa vimefunga nini?"

"Mkate, mama."

"Vyote tisa?"

"Vyote tisa. Wallahi."

Aliendelea kupapasa mshono kwa kidole gumba. "Umeshona vizuri," alisema.

Nami nikafurahi! Nikamwambia kwamba kutoka Iringa mpaka Tunduma hakuna fundi wa kuupata mshono ule, hata apewe mwezi mzima. Akaitikia, "Kweli, mwanangu. Hakuna." Akachukua ungo wake akaingia ndani. Hakunitajia tena habari hiyo, siku wala mwezi. Mara mbili nilimletea bafta mpya kutoka dukani, mara mbili akasema, "Mshonee mtoto kanzu." Nikaona yamekwisha. Nikaendelea kupika nta.

Mama alifariki mwaka uliofuata, wakati wa baridi, kifua kilimbana siku nne. Alikufa mchana, watu wakiwa wanatoka msikitini. Wanawake wa mtaa walikuja kumwosha, wakafunga mlango, mimi nikakaa nje na wanaume. Nilikuwa nimeshatuma mtu dukani akalete bafta, kubwa, ya bei, kila mtu aone. Kabla hajarudi, mwoshaji mmoja mama mtu mzima akafungua mlango kidogo.

"Fundi, marehemu alikuwa na yake sandukuni. Tumeikuta."

Nilisimama. "Yake ipi?"

"Bafta mpya. Ameshaikata mwenyewe. Ila sanda ya mwanamke ni nguo tano, na hapa ziko nne. Ya kichwani hakuna. Ilete."

Kumbe kwa maandazi yake, kidogo kidogo, dhiraa leo dhiraa mwezi ujao, alikuwa ameanza upya. Mimi mtoto wake mwenye kibaraza hakuniambia nimwongezee. Na alikuwa amebakiza kipande kimoja tu.

Nilikwenda kibarazani. Ile bafta ya dukani ilikuwa imefika. Nilipima, nikakata nguo ya kichwani, na mkasi wangu, ambao nilikuwa nikiwaambia watu unakata wenyewe, ulikataa kwenda sawa, nikalazimika kuushika kwa mikono miwili. Mke wangu akaja kuichukua. Mkononi alikuwa ameshika kitambaa kingine, kimekunjwa. Nilikijua kabla hajakikunjua.

"Na hiki je? Kilikuwa chini kabisa ya sanduku."

"Hicho... hicho ni cha zamani."

"Najua ni cha nini," alisema. Alikuwa analia tangu asubuhi na sauti yake ilikuwa imekwisha. "Wiki ile ile uliyokileta, nilimwona anakifua uani. Akakimwagia maji, akakikamua, akakimwagia tena. Nikawa nahesabu bila kutaka. Mara saba. Na mara moja alichota udongo kwenye mgomba akakisugua nao. Nikamwuliza, mama, mbona udongo? Akaniambia, nta haitoki kwa sabuni, mwanangu."

Asiyejua dini yetu nimweleze. Kitu kikiguswa na nguruwe, kwetu sisi hakitakati kwa sabuni wala kwa kuchemshwa. Kinaoshwa mara saba, na mara moja kati ya hizo kwa udongo. Kwa mkate hakuna anayefanya hivyo. Kwa nta hakuna anayefanya hivyo.

Labda alikuwa anajihadhari tu. Nimejiambia hivyo miaka mingi, na siku nyingine nakaribia kuamini. Labda harufu ile ambayo mimi na mpishi hatukuisikia, yeye aliisikia. Au aliisikia kwenye ile wallahi yangu. Lakini hata kwa mke wangu alinifichia, akasingizia nta.

Mke wangu aliichukua nguo ya kichwani akaenda. Nilimzika mama katika sanda ambayo sehemu nne zake si zangu, na mimi ndiye niliyejisifu mji mzima kwamba hakuna anayevaa nguo nisiyoishika.

Vitambaa vya nta niliendelea kuviuza mpaka nailoni ilipokuja, na vilinijengea nyumba ya pili, sitaficha. Vyeupe sikutengeneza tena. Aliyetaka cheupe nilimwambia avumilie maua. Kile cha vipande tisa ninacho sandukuni, hakijafungia kitu. Mara moja kwa mwaka, kabla ya Ramadhani, nakitoa nakipunga upepo. Nta imekauka, imepauka, nyeupe imeanza kurudi. Ila ukikikunjua na kutazama ndani ya mshono, ule wa kukunja mara mbili ambao kutoka Iringa mpaka Tunduma hakuna wa kuupata, kuna udongo mwekundu umenasa humo, na hautoki.